Jiko Tulilojenga Mara Mbili

Ninyi vijana mliokuja nyumbani juzi kuniuliza habari za kufundisha watoto ufundi, niliwaambia mrudi siku nyingine kwa sababu goti linauma. Goti linauma kweli, lakini linauma kila siku, na siku ile halikuzidi. Ni kwamba mliponiuliza mlikuwa mnatabasamu, na habari niliyo nayo mimi hainitoki mbele ya watu wanaotabasamu. Nimeamua kuiandika. Karatasi hainiangalii usoni, tena ninyi hamtapata nafasi ya kunikatisha.

Mmesema shule zinawaita mwende mkawaonyeshe watoto kazi za mikono: kuchomelea, kushona, useremala, kujenga. Nendeni. Mtoto akitengeneza kitu kwa mkono wake kikasimama, hakisahau. Lakini someni kwanza habari ya jiko, na msitegemee kuniona mtu mzuri sana humu ndani.

Mimi ni mwashi. Nilianza Iringa mjini, binti wa kubeba zege kwenye majengo ya chuo kimoja pale juu mlimani. Karai kichwani, ngazi za mabanzi, kutwa nzima. Miaka miwili sikugusa mwiko. Mafundi walikuwa wakisema mwanamke akishika mwiko saruji haikamati, nami nilikuwa mjinga kiasi cha kuamini nusu yake. Baadaye nikamfuata dada yangu Mbeya, na huko ndiko nilikokutana na Mzee Lutengano, fundi mkuu wa kikundi kilichokuwa kinajenga nyumba za watu binafsi. Siku moja mpanga tofali wake hakutokea kazini, alikuwa amelala kilabuni tangu jana yake. Mzee akaniita, akanipa mwiko wa yule bwana, akaniambia nipange hadi mwenyewe atakaporudi. Mwenyewe hakurudi. Ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi, wala hapakuwa na sherehe.

Mzee Lutengano hakuwa mtu wa maneno. Neno lake kubwa lilikuwa "bomoa." Alikuwa anapita na timazi yake, ile kamba yenye chuma mwishoni, anaitundika ukutani, anatazama kwa jicho moja, anasema bomoa, anapita. Hakukueleza kwa nini. Ukishabomoa kozi tatu za tofali kwa mikono yako wakati wenzako wanakula, kwa nini utaijua mwenyewe. Siku hizi mna vifaa vya mwanga mwekundu vinavyopima ukuta mzima mara moja. Ni vizuri, sivisemi vibaya. Mimi nilipimiwa kwa kamba na jicho moja la mzee yule, na nilimwogopa kuliko kifaa chochote.

Nikajenga Mbeya, nikajenga Mafinga, nikajenga shule, nyumba za mapadri na mabanda ya kuku. Saruji imenila ngozi ya vidole hadi leo simu yangu ikitaka alama ya kidole inanikataa kama mgeni. Nilipoona kila nikipanda jukwaa napata kizunguzungu, nikarudi kwetu, karibu na Nyololo, nikapanda viazi, nikakaa.

Sikukaa sana. Kulikuwa na shule ya msingi jirani, jina lake naomba nisilitaje. Mwalimu mkuu, Mwalimu Sanga, alikuja nyumbani akiwa amekata tamaa. Alisema watoto wake wa darasa la sita wanajifunza stadi za kazi kwa daftari. Wanachora nyundo, wanaandika matumizi ya nyundo, mtihani unawauliza matumizi ya nyundo, wanapata. Nyundo yenyewe hakuna aliyeishika shuleni. Aliniomba niwatafutie kitu cha kujenga, kitu ambacho kikikamilika kitatumika.

Tulizunguka naye shuleni. Tulipofika jikoni sikuhitaji kuendelea. Ndani ya kile kibanda kulikuwa na mafiga matatu, juu yake sufuria la uji wa shule nzima, na moshi umejaa mpaka mlangoni. Mpishi alitoka akijifuta machozi kwa kanga. Alikuwa anaitwa Mama Atupele, Mnyakyusa aliyeolewa huku kwetu, na macho yake yalikuwa mekundu tangu alipoanza kazi ile. Nikamwambia Mwalimu kwamba watoto watamjengea huyu jiko la tofali na udongo, lenye mdomo mmoja wa kuni na bomba la kutoa moshi nje.

Nilidhani Mama Atupele atafurahi. Alisema uji ukichelewa, hawaulizwi watoto, anaulizwa yeye. Alisema mafiga yake hayajawahi kumwangusha, na kwamba vitu vya watoto ni vya kuchezea, yeye anapika. Mwisho akaniambia, "Mama Fundi, wewe una mwiko wako na mimi nina wangu. Tusiingiliane." Mwalimu Sanga alicheka, nami nikacheka. Yeye hakucheka.

Watoto walikuwa kumi na wanne. Siku ya kwanza niliwaharibia. Niliwasimamisha nikawahutubia aina za udongo, kazi ya tofali, historia ya saruji, mpaka mmoja akasinzia amesimama, kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona hata kwa ng'ombe. Nilirudi nyumbani nimejichukia. Siku ya pili nikaja na ndoo tatu za udongo, wa mtoni, wa shambani na wa kichuguu, nikamwaga chini, nikawaambia watafute wenyewe upi unafaa. Halafu nikakaa. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Chukueni na hili. Udongo wa jiko unaufinyanga uwe kama kamba nene, unaizungusha kwenye kidole gumba. Ikikatika haraka, mchanga umezidi. Ikikung'ang'ania kama ugali mbichi, itapasuka ikikauka, iongezee mchanga na majivu na majani makavu yaliyokatwakatwa. Mtoto ukimwambia hayo ubaoni atayaandika vizuri na kuyasahau. Mwache akatikiwe na kamba mara tano.

Aliyeutambua udongo wa kichuguu kwanza alikuwa binti mmoja anaitwa Kabula. Wazazi wake ni Wasukuma. Walishuka na ng'ombe kutoka kwao kaskazini wakakaa Usangu, halafu wakapanda huku juu kwetu. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, wenzake wakawa wanamwiga, kwa hiyo alikuwa haongei sana. Lakini alipoushika ule udongo aliniuliza majivu yako wapi, nikajua huyu ameanza kabla yangu. Aliniambia mama yake ndiye hukandika nyumba yao kila walikohamia, na yeye ndiye humkandia udongo.

Nilikwenda Mafinga kwa fundi wa kuchomelea, akanikatia miko midogo kutoka kwenye bati la pipa. Na hili pia lichukueni. Mwiko wa mtu mzima kwenye mkono wa mtoto wa miaka kumi na miwili unamfanya aonekane hawezi kazi, kumbe chombo ndicho hakimfai. Siku mbili walikanyaga udongo kwa miguu, wakiimba. Siku ya tatu wazazi wawili walikuja kwa Mwalimu na kaptula na sketi zenye matope, ikabidi niwaambie watoto waje na nguo za shambani. Kila mtoto nilimpa sehemu yake ya jiko, na kila mmoja akachora jina lake kwa kijiti kwenye udongo mbichi. Hilo walilipenda kuliko yote. Kabula nilimpa mbele, penye mdomo wa kuni, kwa sababu ndiyo sehemu ngumu na yeye ndiye alikuwa na mkono.

Juu ya mdomo kunajengwa tao. Ukingo wa sufuria wa mbele unakalia hapo, kwa hiyo tao ndilo linalobeba uzito. Unatengeneza kwanza kiunzi cha mbao chenye mgongo wa mviringo, unapanga tofali juu yake, unasubiri zikamate, ndipo unachomoa kiunzi. Kabula alitengeneza kiunzi chake kwa mabanzi ya paina mara mbili, kwa sababu cha kwanza hakukipenda. Alikuwa anapanga tofali, anatazama, anazitoa, anapanga tena. Mimi nilikuwa pembeni, goti limevimba, natazama saa.

Saa nilikuwa naitazama kwa sababu Mwalimu Sanga alikuwa ameniambia Ijumaa kuna wageni wa elimu. Alikuwa amewasifia jiko la watoto, na wageni wamesema wangependa kuliona likipika. Wiki ile ilikuwa ya manyunyu, mnayajua manyunyu ya Mufindi, hayanyeshi na hayaachi. Hakuna kilichokuwa kinakauka. Ningeweza kumwambia Mwalimu kwamba jiko halijawa tayari. Ni maneno matatu tu. Sikuyasema.

Alhamisi mchana niliwarudisha watoto darasani. Kabula alibaki amesimama na mwiko wake.

"Bibi, hapo juu hatuweki chuma?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba nafasi ni ndogo, chuma hakihitajiki, na kilichobaki aniachie mimi. Akaondoka. Nikalijenga tao peke yangu kwa muda mfupi sana, tena napiga mluzi. Sitawaficha, nilijisikia vizuri. Wiki tatu nilikuwa nimekaa natazama mikono midogo ikikosea, na sasa nilikuwa nimepata kazi yangu.

Ijumaa asubuhi udongo wa tao ulikuwa bado mbichi kabisa. Nikachomoa kiunzi ili kuni ziingie. Tao likasimama. Nikalitazama, nikajiambia limekamata.

Wageni walikuwa watatu. Watoto walipangwa kwenye mstari mbali kidogo na kibanda, na hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Mama Atupele aliwasha moto huku amenuna, akapandisha sufuria, akaanza kukoroga. Moshi ulipanda kwenye bomba kama tulivyotaka, wageni wakapiga makofi. Uji ulipoanza kuchemka nikasikia mlio mdogo, kama mtu amevunja muwa. Tao likaingia ndani, sufuria likainamia mbele, na uji wote ukamwagika kuelekea alipokuwa amesimama mpishi. Alirukia pembeni, lakini mguu wa kushoto haukuwahi. Uliungua kuanzia chini ya goti mpaka kwenye vidole.

Tulimmwagia maji, Mwalimu akampeleka zahanati kwa pikipiki. Uji ulikuwa umetapakaa na majivu. Watoto wa shule nzima wamesimama na vikombe vitupu.

Mmoja wa wageni alichuchumaa akatazama mahali palipoanguka. Kando ya mdomo, kwenye udongo, kulikuwa na jina. Akalisoma kwa sauti, akauliza Kabula ni nani. Kabula akanyoosha kidole, kama anavyonyoosha darasani.

"Ni wewe uliyejenga hapa?"

Kabula akanitazama. Nilikuwa umbali wa hatua nne. Nikainama kuokota tofali.

"Ndiyo, mwalimu," akasema.

Yule mgeni hakumgombeza. Alisema tu, kwa upole, kwamba watoto ni watoto na kazi kama hizi si zao, akaandika kitu kwenye daftari lake. Mwalimu Sanga ndiye aliyekuja kumsema baadaye, mbele ya wenzake, kwa hasira na aibu aliyokuwa nayo. Akamwambia awe anasikiliza anapofundishwa. Mimi nilikuwa pale pale, tofali mkononi. Kabula alizoa majivu na wenzake, akanawa, akaenda nyumbani. Jumatatu hakuja shuleni. Jumanne hakuja.

Nilijipa sababu nyingi siku zile. Nilijiambia ni jambo dogo, mtoto atasahau. Nilijiambia nikisema, Mwalimu atavunjika moyo na mpango wote utakufa. Sababu ya kweli ni kwamba kuanzia Iringa mpaka Mbeya watu walinijua kama mwanamke ambaye ukuta wake hauanguki, na sikutaka kumalizia uzee wangu kama fundi aliyeshindwa jiko la shule.

Jumatano nilikwenda kumwona Mama Atupele nyumbani kwake na kapu la viazi. Alikuwa amekaa kitandani, mguu umefungwa. Alinikaribisha vizuri, akamwagiza bintiye aniletee chai. Tukaongea habari za zahanati, za mvua. Nikamwambia pole, watoto hawakukusudia. Akaweka kikombe chini.

"Alhamisi nilikuwa nyuma ya kibanda naosha masufuria," akasema. "Nilikuona. Ulikuwa peke yako."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Mwalimu.

"Nilisubiri useme mwenyewe. Nimesubiri siku tano, na huu mguu unaniuma siku zote tano."

Chai ile niliimaliza, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine, nikaaga.

Njiani nilimkumbuka Mzee Lutengano, nikatamani nisingemkumbuka. Mwaka wangu wa pili kwake nilikuwa nimejenga pembe ya nyumba ya mteja mmoja bila kutundika timazi, kwa sababu nilitaka kuwahi kuondoka. Mvua ilipopiga, pembe ililala chini juu ya banda la kuku. Mwenye nyumba alikuja anafoka, anataka kujua ni fundi gani. Mzee alitoka mbele yetu sote akasema, "Nimejenga mimi." Alitukanwa pale mpaka yule bwana akachoka. Alipoondoka nilingoja Mzee anigeukie. Hakunisema. Hata bomoa hakusema, maana ilikuwa imeshabomoka. Alinipa sururu tu, tukaanza kuchimba upya. Mtu yule alibeba kosa langu nikiwa mtu mzima na akili zangu, na mimi kosa langu nimembebesha mtoto.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa kina Kabula. Wanakaa mbali na barabara, nyumba imekandikwa vizuri kuliko nyingi za tofali. Baba yake alikuwa anafungua ng'ombe. Aliniamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje mama, nikaitikia kama nilivyosikia wengine wakiitikia. Kabula alikuwa mlangoni, aliponiona akaingia ndani. Nikamweleza baba yake yote, tao, chuma, kiunzi, jina. Alinisikiliza bila kuacha kazi yake. Nilipomaliza nilidhani nimemaliza.

"Mayu," akasema, "mtoto wangu alisemwa mbele ya watu. Wewe unakuja kuniambia mimi hapa, mimi na ng'ombe. Kaseme huko huko."

Nikamwomba basi amruhusu Kabula aje shuleni kesho yake asikie. Akasema hilo ataliamua mama yake.

Ijumaa nilikwenda shuleni mapema, nikamweleza Mwalimu Sanga ofisini. Alikasirika kwa mambo mawili, kwamba nimedanganya, na kwamba yeye amemsema mtoto bure kwa ajili yangu. Tukatoka mstarini. Kabula alikuwepo, nyuma kabisa, na mama yake alikuwa amesimama nje ya uzio na mtoto mgongoni.

Sikuhutubu. Nilisema tao lililoanguka nilijenga mimi, siyo Kabula. Kabula aliniuliza kama tuweke chuma, nikamkatalia. Alikuwa sahihi, mimi nilikuwa nimekosea, na alipoulizwa nikanyamaza. Nikamwomba msamaha kwa jina lake, na nikamwomba Mama Atupele msamaha ingawa hakuwepo. Nilipomaliza, mtoto mmoja wa darasa la kwanza akamuuliza mwalimu wake kama uji leo upo. Watu wakacheka, mstari ukavunjika.

Mnataka kujua nilijisikiaje. Wengi husema wakishakiri huwa wepesi. Mimi nilikuwa nimechoka tu, kama niliyebeba zege. Mwalimu aliandika barua kwa wale wageni kurekebisha habari, haikujibiwa. Kabula alirudi darasani, lakini hakuja kunisalimia, na sikumlazimisha.

Nilijua kazi imekwisha. Aliyeirudisha ni Mama Atupele. Alirudi kazini baada ya mwezi na zaidi, anachechemea, akakuta mafiga yale yale. Siku mbili alijaribu kuchuchumaa, ngozi mpya ya mguu ikamkatalia. Akaenda kwa Mwalimu mwenyewe akasema anataka jiko la kumfika kiunoni, na anataka lijengwe na watoto wale wale, kwa sababu jiko walilomwahidi hajalipata bado na wao ndio watamalizia deni hilo. Alipoulizwa kuhusu mimi akasema nije, ila nikae.

Nikakaa. Nilikuwa naleta ndoo yangu, naipindua, nakalia, na mikono naiingiza ndani ya kitenge ili isitoke. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimebeba nondo ghorofa ya tatu. Unaona tofali limekaa upande na unajua sekunde mbili zinatosha kulinyoosha. Unanyamaza. Wakiuliza unajibu, wasipouliza unatazama. Jambo moja tu nilijiwekea kwamba nitalisema hata nisipoulizwa, ni lile linaloweza kumuumiza mtu. Mengine yote wayaone wenyewe.

Kabula alikuwa anaongea na mimi kwa habari za kazi peke yake. Nondo ipite wapi. Tofali hili likatwe au liachwe. Aliweka nondo mbili juu ya mdomo, akajenga tao juu yake, na kiunzi akakiacha. Kila siku mwenzake Frank, mtoto wa maswali, alikuwa anamuuliza kama wakitoe. Kila siku Kabula alikuwa anasema bado. Mwalimu Sanga naye alipita akauliza, akaambiwa bado, akaondoka bila kuongeza neno. Wiki mbili zilipita. Walipokitoa, hawakuweka uji. Walijaza sufuria maji baridi, wakaweka mawe juu ya mfuniko, wakaliacha siku nzima na hakuna aliyeruhusiwa kusimama mbele yake. Hilo la maji baridi ningewaambia mimi, lakini waliniwahi.

Siku ya uji hapakuwa na mgeni hata mmoja. Mama Atupele alitutoa nje sote akawasha moto peke yake. Tulisimama kwenye ukungu tukitazama bomba. Alipotoka, macho yake yalikuwa makavu. Kikombe cha kwanza alimpa Kabula, cha mwisho alinipa mimi. Kabula alikunywa, akaosha kikombe chake, akaenda darasani.

Mwisho wa mwaka ule familia yake ilihama tena na ng'ombe. Nilisikia kwa Mama Atupele, walikuwa wameshaondoka. Sijui kama alinisamehe. Hakuwahi kusema, na mtoto hadaiwi msamaha.

Kwa hiyo nendeni shuleni, vijana wangu. Chukueni vyombo vidogo, nguo za zamani, na kitu cha kukalia. Wageni wakija na kazi haijawa tayari, waambieni haijawa tayari. Na kikianguka kitu mlichojenga ninyi, semeni hapo hapo, kabla hamjainama kuokota chochote, maana ukishainama kunyanyuka ni kazi.

Mimi siendi tena. Magoti yamekataa, na kusema kweli hata yasingekataa. Wiki iliyopita nilikuwa narudi kutoka gulioni kwa miguu nikapitia nyuma ya ile shule. Watoto watatu nisiowajua walikuwa wanaziba ufa ubavuni mwa jiko. Udongo wao ulikuwa mwepesi mno, unachuruzika mpaka chini, na mkubwa wao anawafokea wenzake. Neno lilinifika mdomoni. Niliweka kapu chini nikasimama nje ya uzio, hawakuniona. Walipaka, ukachuruzika. Wakapaka tena, ukachuruzika. Wakasimama wakabishana. Halafu yule mkubwa akaukwangua wote kwa kiganja, akaumwaga chini, wakaanza upya. Nikachukua kapu langu. Nilikuwa nimechoka, na nyumbani kulikuwa bado mbali.